Mashahidi wa Angani

Kifaa cha GPS hakioni chochote. Kikiwekwa mbele ya rubani wa ndege ndogo inayopaa kutoka uwanja wa Mwanza, kitachora ufukwe, kitataja mwinuko, kitasema Bukoba iko upande gani na zimebaki dakika ngapi. Hata hivyo hakijaliona Jiwe la Bismarck, ule mwamba wa Ziwa Victoria, wala hakina habari kwamba chini ya ndege kuna maji. Kimekaa kinasikiliza tu. Yote kinayoyasema kimesimuliwa, na wasimulizi wenyewe wako kilometa 20,200 juu ya ardhi, wakiizunguka dunia mara mbili kwa siku.

Mtu anayeingia dukani kutafuta GPS ya mkononi, iwe ya kurukia, ya kuvulia au ya safari ya gari kwenda Geita, huuliza kwanza bei, kisha ukubwa wa kioo, kisha betri. Swali lililo chini ya hayo yote lilikuwepo kabla ya umeme: habari ya kuambiwa hugeuka kuwa elimu wakati gani? Wanazuoni wa dini wamelihangaikia kwa karne nyingi kuliko wahandisi. Hawakuwa na hiari, maana dini nazo ziliwafikia watu kwa kusimuliwa.

Utaratibu wa GPS si mgumu kuueleza. Kila setilaiti hutangaza mambo mawili: saa yake inasema ngapi, na yenyewe ilikuwa wapi wakati inasema hivyo. Mawimbi husafiri kwa kasi ya mwanga, karibu kilometa 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo muda yaliochelewa njiani unatoa umbali. Setilaiti tatu zingetosha kumweka mtu mahali pake, kama kifaa alichoshika kingekuwa na saa ya atomiki kama zilizoko huko juu. Saa yake ni ya bei nafuu, na kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni kosa la mita 300 ziwani. Ndiyo maana anahitajika shahidi wa nne. Kazi yake kubwa ni kumsahihisha msikilizaji.

Torati iliridhika na mashahidi wawili au watatu. Sharia ya Kiislamu, kwenye tuhuma nzito ya zinaa, ilidai wanne. GPS nayo inadai wanne, ingawa kwa sababu za hisabati tupu, na hakuna haja ya kuona muujiza hapo.

Wanne hao nao hawaachwi waseme wanavyotaka. Kwa kanuni za Einstein, saa iliyoko kwenye njia ya setilaiti hukimbia kuliko ya ardhini kwa takribani mikrosekunde 38 kila siku. Zisiporekebishwa, makosa ya umbali yatafika zaidi ya kilometa 10 kwa siku moja, karibu umbali wa kutoka mtaa wa Capri Point hadi uwanja wa ndege wa Mwanza. Hivyo saa hizo hurekebishwa kabla hazijarushwa, halafu vituo vya ardhini, kikuu kikiwa Colorado nchini Marekani, huzifuatilia usiku na mchana na kuzipelekea masahihisho. Nukta inayowaka kwenye kioo cha rubani imepitia mikono mingi: mtaalamu wa Colorado, setilaiti, anga lenye chembe za umeme, antena, programu, ramani iliyochorwa na mtu mwingine kabisa. Kila mkono umepokea kutoka kwa mwingine.

Mwanafunzi wa madrasa analijua umbo hilo. Wanazuoni wa hadithi waliliita isnadi, mlolongo wa wapokezi, na wakaunda elimu nzima ya kuupima. Hawakuuliza tu kama maneno yanapendeza. Walimchunguza kila mpokezi kwa mizani mbili: je, ni mwadilifu, asiyesema uongo? Na je, ni makini, anayehifadhi alichokisikia bila kukichanganya? Mtu angeweza kuwa mcha Mungu asiye na doa na bado habari yake ikawekwa kando, kwa sababu kumbukumbu yake ilianza kuyumba uzeeni. Somo hilo, la kutenganisha ukweli wa moyo na usahihi wa kazi, linamfaa sana mnunuzi wa vifaa. Kampuni inaweza kuwa haina nia yoyote ya kudanganya, na ramani yake ikawa ya zamani.

Daraja la Kigongo–Busisi ni ushahidi wa hilo. Kwa miaka na miaka, gari lililotoka Mwanza kwenda Sengerema na Geita lilisubiri kivuko. Tarehe 19 Juni 2025 daraja la kilometa 3 hivi lilifunguliwa rasmi, na kivuko kikawa historia. Kifaa ambacho ramani yake ilipakiwa mwaka 2023 kitampokea dereva huyo kwa adabu zote na kumwelekeza kwenye foleni isiyokuwepo. Setilaiti zake ziko sawa, saa ziko sawa. Aliyekosea ni mpokezi wa mwisho kwenye mlolongo.

Mwanafalsafa Plato, katika mazungumzo yanayojulikana kama Meno, alimpa Socrates mfano wa njia ya kwenda Larissa, mji wa Ugiriki. Mtu anayeijua njia atawafikisha wenzake. Lakini mtu ambaye hajawahi kuipita, ila ana dhana iliyo sahihi kuihusu, naye atawafikisha vilevile. Sasa elimu ina faida gani juu ya dhana sahihi? Jibu alilopewa Socrates kulisema ni kwamba dhana hutoroka. Ni kama zile sanamu za fundi Daedalus ambazo, kwa mujibu wa masimulizi, zilikuwa hai kiasi kwamba zisipofungwa kamba huondoka zenyewe. Dhana ikifungwa kwa sababu, kwa kujua kwa nini iko hivyo, ndipo inapotulia na kuitwa elimu. Katika mapokezi ya Kiislamu naye yupo bedui aliyemwacha ngamia wake bila kumfunga akisema anamtegemea Mungu, akaambiwa amfunge kwanza ndipo ategemee. Hawakujuana, bedui na Socrates, na wote wawili wakaishia kwenye kamba.

Mwanza ina mfano wake wa Larissa. Ni mfano wenye watu, tarehe na ugomvi.

Tarehe 3 Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke alisimama juu ya kilima jirani na palipo jiji la leo na kuliona ziwa. Alikuja na njia mbili za kujua. Ya kwanza ilikuwa vyombo: alichemsha maji akasoma kipimajoto, kwa kuwa maji huchemka kwa joto dogo zaidi kadiri mtu anavyopanda juu, na kutokana na hapo akakadiria mwinuko wa futi 3,740 hivi. Vipimo vya sasa vinaliweka ziwa kwenye mita 1,134, yaani karibu futi 3,720. Kwa sufuria na kipimajoto, si haba! Ya pili ilikuwa maneno ya watu. Ukubwa wa ziwa na lilivyoenea kaskazini hakuweza kuvipima. Aliuliza wenyeji, na majibu yakapita kwa wakalimani, akiwemo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani India na ambaye alielewana na Speke kwa Kihindustani. Swali lilitoka Kiingereza likaingia Kihindustani, likaingia Kiswahili, likawafikia watu wa ziwani, na jibu likarudi kwa ngazi zilezile.

Kwa ushahidi huo Speke alitangaza kwamba amepata chanzo cha mto Nile. Alikuwa sahihi. Je, alijua? Mwenzake Richard Burton, aliyekuwa amebaki Tabora akiugua, alikataa katakata, na kwa haki ya hoja ni vigumu kumlaumu: mwenzake alikuwa ameona ghuba moja ya kusini, akachora ziwa zima kwa masimulizi, akaruka hadi hitimisho. Speke alirudi na mwaka 1862 akayaona maji yakitoka ziwani pale Jinja, lakini hakuufuata mto mfululizo. Wawili hao walipangiwa mjadala wa hadhara mjini Bath mwezi Septemba 1864. Siku moja kabla, Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni. Ilibidi kungoja mwaka 1875, msafiri Henry Morton Stanley aliposhusha boti lake Lady Alice karibu na Mwanza na kulizunguka ziwa lote, ndipo ikathibitika kuwa ni ziwa moja na mlango wake wa kaskazini ni ule wa Jinja. Miaka 17 dhana ile sahihi ilizurura bila kamba.

Msafiri wa leo anayefuata mshale wa buluu yuko mahali pa Speke wa 1858. Mara nyingi sana yuko sahihi. Atafika. Tofauti kati yake na anayejua haionekani kabisa mpaka mshale utakapopotea.

Hapo kuna jibu jepesi ambalo wazee wengi hulipenda: basi mtu aamini macho yake, atupe mashine. Jibu hilo halivuki ziwa. Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois waliwachukua marubani 20 wasiozoea kuruka kwa vyombo, wakawanyima kuona nje, wakahesabu muda. Wote walipoteza udhibiti wa ndege, kwa wastani wa sekunde 178. Sikio la ndani, ambalo humwambia mwanadamu kuwa amesimama wima, hudanganya ndege inapopinda polepole. Mwili huapa kuwa uko sawa huku bawa limelala. Juu ya Ziwa Victoria kuna asubuhi ambazo maji na anga huwa rangi moja na mstari wa upeo hutoweka, na usiku radi hupenda kujikusanya katikati ya ziwa. Katika hali hiyo shahidi mwongo ni mwili wenyewe, tena huongea kwa sauti kubwa kuliko wote. Imam al-Ghazali aliliona jambo hili bila ndege: jicho huiona nyota ndogo kama sarafu, ilhali hesabu inaonyesha ni kubwa kuliko dunia. Ikiwa jicho limesahihishwa na akili, aliuliza, nani atathibitisha akili?

Kwa hiyo kuchagua kifaa ni kuchagua shahidi kati ya mashahidi ambao wote wana kasoro. Kigezo kimoja kinapita vingine, nacho hakiandikwi kwenye boksi kwa herufi kubwa: je, kifaa hiki husema kinapokuwa hakijui?

Simu nyingi huchora duara hafifu la buluu kuzunguka nukta. Watu hulidhania urembo. Ni ungamo: mmiliki yuko mahali fulani ndani ya duara hili, zaidi ya hapo sijui. Vifaa vya mkononi vya uvuvi na vya mlimani huandika namba ya mita za mashaka kwenye ukurasa wa setilaiti, ukurasa ambao wengi hawajawahi kuufungua. Kinyume chake ni vifaa vya gari, ambavyo vina tabia ya kuigandisha nukta kwenye barabara hata gari likiwa limeegeshwa shambani, na mawimbi yakikatika huendelea kusogeza mshale kwa kubahatisha, uso mkavu. Huyo ni shahidi anayesema anachodhani hakimu angependa kusikia. Barabarani anavumilika, kwa kuwa dereva ana kioo cha gari mbele yake. Ziwani saa nane za usiku havumiliki.

Vyombo vilivyofungwa ndani ya ndege kubwa vina ukaguzi maalumu wa ushahidi, na hapa hisabati inarudi kwenye madrasa. Mashahidi wanne wanatosha kusema mahali, lakini mmoja akikosea hakuna wa kumgundua, kwani wanne wowote watatoa jibu fulani. Akiongezwa wa tano, kifaa kinaweza kugundua kuwa maneno hayapatani. Akiongezwa wa sita, kinaweza kumtambua anayekosea na kumtoa barazani. GPS za mkononi kwa kawaida hazina ukaguzi huo uliothibitishwa, na hiyo ndiyo sababu rubani haruhusiwi kuzifanya tegemeo la kurukia ndani ya mawingu, hata ziwe na kioo kizuri namna gani. Ni msaada wa kujua alipo. Kifaa kinachosikia makundi zaidi ya moja ya setilaiti, ya Marekani, ya Urusi, ya Ulaya na ya China, kina faida kwa sababu hiyohiyo: mashahidi wengi zaidi, kutoka nyumba tofauti.

Dukani Mwanza mazungumzo huwa ya karibu na ardhi. Mteja huuliza, “Kaka, hii inashika bila bando?” Swali zuri, na jibu ni ndiyo: kipokezi cha GPS husikiliza tu, hakitumi kitu, hakihitaji laini wala salio, bando huhitajika kuteremsha ramani, kwa hiyo iteremshwe kabla ya kuondoka. Lakini si kila kioo kina sikio. Tableti za iPad zisizo na sehemu ya laini hazina kipokezi cha GPS ndani, na kuna wanaozinunua kwa ajili ya kurukia, kisha zikaonyesha nukta nzuri wakiwa hotelini kwenye Wi-Fi na kunyamaza wakiwa angani. Maandishi ya WAAS yanayopamba boksi nyingi yanahusu mfumo wa masahihisho wa Amerika Kaskazini. Nao haufiki hapa. Mvuvi wa kisiwa cha Ukara anahudumiwa vizuri zaidi na kifaa cha betri mbili ndogo za kawaida, kama Garmin eTrex 22x inayokaa hadi saa 25, kuliko simu ya gharama kubwa inayodai chaja. Rubani ni mwingine: anataka kifaa cha anga chenye vilima, viwanja na mipaka ya anga, na takwimu zake husasishwa kila baada ya siku 28. Asiyekuwa tayari kulipia usasishaji asinunue. Ramani ya anga iliyopitwa na wakati ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, kwa sababu inavaa nguo za ukweli.

Kuna jambo jingine linalowatatiza wengi, nalo linagusa falsafa moja kwa moja. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890 uliupitisha mpaka kwenye nyuzi 1 kusini mwa ikweta, ukakata katikati ya ziwa. Mpaka wa Tanzania na Uganda bado ni huo. Mstari huu haufuati mto wala mlima. Mwaka 1978 Idi Amin alilinyakua eneo lililo kati ya mstari huo na mto Kagera akidai mto ndio mpaka wa haki, na vita vilivyofuata vilimng'oa madarakani mwaka 1979. Watu walikufa kwa ajili ya namba. Nchi kavu namba hiyo inaweza kuwekewa vigingi. Majini hakuna kigingi, na mvuvi hana namna ya kuiona ila kwenye kioo cha kifaa.

Halafu namba yenyewe si moja. Ramani za zamani za Tanzania zilichorwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960. GPS hutumia msingi wa dunia nzima uitwao WGS84. Namba zilezile za latitudo na longitudo zikisomwa kwa misingi hii miwili hutofautiana kwa karibu mita 300 juu ya ardhi. Mtu akichukua namba kutoka kwenye ramani ya karatasi akaziingiza kwenye kifaa bila kubadili mpangilio, nyavu zake hatazipata, na hakuna aliyedanganya. Mashahidi wote wawili wamesema kweli kwa lugha tofauti. Wanaosema ukweli ni mmoja wako sahihi, jiwe liko palepale. Lakini kulitaja jiwe kunahitaji makubaliano yaliyotangulia, na makubaliano ni kazi ya watu. Kwenye vifaa vingi mpangilio huo umejificha ndani ya menyu, hatua tatu chini. Muuzaji asiyejua ulipo hajakijua anachokiuza.

Kosa ni jambo moja, hila ni jingine. Taarifa za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimeeleza jinsi mawimbi ya GPS yalivyovurugwa na kughushiwa huko Kivu Kaskazini, kilometa 400 hivi magharibi mwa Mwanza, na ndege zikaathirika. Ulaya nako, mwishoni mwa Aprili 2024, shirika la Finnair lilisimamisha kwa mwezi mmoja safari za Tartu nchini Estonia kwa sababu ya usumbufu wa namna hiyo. Kughushi ni kubaya kuliko kuziba. Mawimbi yakizibwa, kifaa hunyamaza na rubani hushtuka. Yakighushiwa, mtambo mmoja ardhini huiga sauti za setilaiti zote, zikaja zikiwa zimepatana, na kifaa kikaonyesha mahali pasipo penyewe kwa utulivu kamili.

Hapo hesabu ya watano na sita inaweza kuanguka, na wanazuoni wa hadithi walikwisha kuliwaza hilo. Daraja ya juu kabisa ya habari, mutawatiri, haikupimwa kwa wingi wa wapokezi peke yake. Sharti lilikuwa kwamba ni wengi, tena wa namna ambayo haiwezekani wakawa wamekula njama. Watu mia wa kijiji kimoja waliosikia kutoka kwa mzee mmoja ni shahidi mmoja. Setilaiti 10 zinazotoka kwenye mtambo mmoja nyuma ya kilima nazo ni shahidi mmoja, tena mwongo. Dawa ni kutafuta habari isiyopita njia ileile: dira, saa ya mkononi, kisiwa kinachojulikana, redio.

Swala inatoa mfano mzuri kuliko ndege. Kutoka Mwanza kibla kiko takribani nyuzi 15 mashariki mwa kaskazini, na Makka iko umbali wa kilometa 2,760 hivi. Mwanazuoni Abu Rayhan al-Biruni alimaliza mwaka 1025 kitabu kizima cha namna ya kupata mahali pa miji ili kujua kibla cha Ghazna, mji aliokuwa akiishi. Leo kazi hiyo inafanywa na simu kwa sehemu ndogo ya sekunde. Ila simu hiyo ina mashahidi wawili wasiolingana. Mahali inaambiwa na setilaiti, na hapo ni hodari. Upande inakoelekea, setilaiti haziwezi kuiambia ikiwa imetulia mkononi. Inategemea kihisi kidogo cha sumaku kilichomo ndani yake, na kihisi hicho hubabaishwa na nondo za zege, mlango wa chuma, spika, gari. Kuna misikiti ambayo waumini wawili wenye simu mbili hubishana kwa nyuzi 20, kila mmoja akiinua kioo chake kama hati ya kiwanja.

Njia ya kuwaamua ipo na haina betri. Mara mbili kwa mwaka jua husimama wima juu ya Kaaba: tarehe 27 au 28 Mei, saa 6:18 mchana, na tarehe 15 au 16 Julai, saa 6:27 mchana. Saa za Makka na za Mwanza ni zilezile. Dakika hiyo, mtu aliye Mwanza akisimika kijiti wima kwenye uwanja tambarare, kivuli kitalala upande ulio kinyume kabisa na kibla. Mlolongo wake haupiti Colorado. Ukilingana na simu, imani juu ya simu imepata kamba. Usipolingana, simu ndiyo iliyokosea.

Wingi wa habari za mahali usimdanganye mtu kwamba ndiyo elimu yote ya safari. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka tarehe 20 Septemba 2018 kilikuwa hatua chache kutoka gati la Ukara, kila mtu akipaona alipo. Kilikuwa kimebeba watu wengi kupita kiasi, na waliokufa walizidi 220. Ndege ya Precision Air ilipoanguka majini tarehe 6 Novemba 2022, karibu na uwanja wa Bukoba, wavuvi waliofika kwanza na mitumbwi yao hawakuongozwa na kifaa. Waliiona. Kati ya watu 43 waliokuwemo, 24 walitoka hai.

Marubani wa ndege za kimisionari wa shirika la MAF, ambalo limeruka Tanzania kwa miongo kadhaa, wana desturi ya kuomba na abiria kabla ya kupaa. Maombi hayo hayafuti orodha ya ukaguzi wa ndege, wala orodha haifuti maombi, na si vigumu kuona kuwa kazi zao ni tofauti. Anayeomba anakiri kuna asichokimiliki. Anayekagua anakataa kumwachia Mungu kazi ya kupima mafuta.

Safari ya Mwanza hadi Bukoba ni kilometa 175 hivi, kaskazini-magharibi barabara, nyuzi 315. Rubani makini huandika namba hizo kwa kalamu kwenye karatasi ya gotini kabla hajawasha kioo. Kisiwa cha Ukerewe kitabaki mkono wa kulia mwanzoni, kisiwa cha Bumbire mkono wa kushoto kuelekea mwisho; kwa ndege ya noti 100 isiyo na upepo, dakika 57. Kisha anawasha GPS na kuiacha iseme, huku saa ya mkononi ikienda. Ikiwa dakika ya 57 imefika, Bumbire haijaonekana, na mshale unadai zimebaki kilometa 40, basi ama kuna upepo wa mbele ambao hakuuhesabu, ama mmoja wa mashahidi wake amekosea, na kama alijaza mafuta inavyotakiwa ana zaidi ya nusu saa ya kumtafuta ni yupi.